Breki ya Upande Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Harufu ya klachi tena! Leo ni yule mwanafunzi mjamzito, ambaye moyoni namwita Wawili, maana analipa ada ya mmoja na wanajifunza wawili. Tulikuwa tunapanda kilima cha nyuma ya ofisi ya shule yetu ya udereva, gia ya pili, polepole kabisa. Mara puani — kitu kinaungua. Nikamwambia: toa mguu kwenye klachi, mwanangu, hicho si kigoda. Akasema: mguu uko chini, Mwalimu, hebu tazama. Nikatazama. Kweli uko chini, umevimba, kamba za kiatu hazifungiki. Nikasema basi ulikuwa juu kabla sijatazama. Mwalimu akosee? Haiwezekani!

Lakini si yeye tu. Tangu mwezi uliopita kila mwanafunzi ninayemkemea kuhusu klachi anakana. Nilikuwa nafikiri wamepanga. Bosi akampelekea fundi gari, fundi akalizunguka, akaliendesha, akarudi kusema klachi ni nzima, labda ni pua ya mwalimu inayotaka sevisi. Ofisi nzima ikacheka. Nikacheka na mimi, tena kwa sauti kuliko wote, kama kawaida yangu nikikasirika.

Pua hii imefundisha nusu ya madereva wa mji huu. Nusu nyingine ndiyo ile mnayoiona inavyoendesha.

Nimechoka. Kila siku ya harufu hiyo nachoka hivi, kama nimehamisha nyumba. Nimelala na viatu, nimeamka saa mbili usiku kuvivua na kuandika haya. Umri, dada. Umri.


Jumatano, 5 Machi

Bi Mkubwa amenichekesha mpaka nikashika mbavu. Ndiye mwanafunzi wetu mwenye umri mkubwa kuliko wote, mjane, mshona mapazia aliyestaafu. Anakanyaga mafuta kama anakanyaga cherehani: trrr — kimya — trrr. Nikimwambia akanyage kwa utaratibu ananijibu kuwa mshono mrefu haupendi mguu wa kubembeleza.

Leo nilimpeleka mpaka kwake baada ya somo, akanionyesha gari la marehemu. Liko uani, limevikwa pazia la maua kutoka bampa hadi bampa, lina mpaka marinda! Tangu mzee afariki halijatoka. Enzi zake hakumruhusu hata kulisogeza. Alikuwa akimwambia: mikono yako ni ya cherehani, mama, waachie wenyewe usukani.

Nikamuuliza kwa nini sasa. Akasema ni kwa sababu ya maporomoko ya maji. Walipooana mume alimpeleka kule, safari ya siku nzima, na yeye alikuwa na mimba changa asiyojua kuwa ni mimba. Alilala njia nzima, kwenda na kurudi. Anaikumbuka picha waliyopigwa mbele ya maji, basi. "Nimefika mahali ambapo sijui nilifikaje," akasema. "Nataka kuiona hiyo njia, Mwalimu. Tena kwa kioo cha mbele, na mimi ndiye ninayeshika usukani."

Nikasema mtihani ni baada ya wiki mbili, keshokutwa nakupa somo la kimya.

Somo la kimya ni ubunifu wangu, na nina kiburi nalo. Mwanafunzi akikaribia mtihani, nafunga mdomo tangu getini mpaka turudi. Simwelekezi, simkemei, hata kuguna siguni. Magari yetu yana breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya upande wangu. Kazi yangu siku hiyo ni kuweka mguu juu ya hiyo breki na kumwomba Mungu. Wapo waliolia. Wapo waliosema ni heri talaka.


Ijumaa, 7 Machi

Somo la kimya la Bi Mkubwa. Amefanya vizuri. Nadhani.

Tulipita njia ya soko la mbao, kisha mzunguko, kisha shule ya msingi, tukarudi. Karibu na soko la mbao ile harufu ikaja, nikauma ulimi nisipige kelele za klachi. Sheria ni sheria. Halafu tukawa shuleni.

Mzunguko siukumbuki. Nitakuwa nilisinzia macho wazi. Mwalimu kusinzia ndani ya gari la mwanafunzi — si ndiyo sifa kubwa kuliko zote?

Kichwa kizito. Nalala.


Jumamosi, 8 Machi

Bi Mkubwa alikuja ofisini asubuhi hata somo hana. Alikuja kujisifu! Akasimama katikati ya ofisi, mkoba kwapani, Bosi yupo, Wawili yupo, wanafunzi wawili watatu wengine wanasubiri zamu.

"Huyu mwalimu wenu ana moyo wa jiwe! Lori la mbao linatoka kinyumenyume pale sokoni, mbao zimening'inia mpaka hapa, usoni kwangu. Nikasema sasa atakanyaga. Sasa atakanyaga. Wapi! Amekaa, anachezea kifungo cha blauzi, anatazama mbele kama anapigwa picha ya pasipoti. Nikakanyaga mwenyewe! Mguu wangu huu huu!"

Wakampigia makofi. Bosi akasema: mnaona mwalimu anavyomwamini mtu? Wawili akaniangalia kwa heshima mpaka nikaona haya.

Kwenye ulimi nilikuwa na swali: lori gani?

Sikuuliza. Nikasema nilitaka kuona atafanyaje. Nikatabasamu. Bi Mkubwa akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema tangu kuzaliwa hakuna mtu aliyewahi kumwachia kitu kikubwa hivyo.

Sasa nimekaa kitandani najaribu kulikumbuka hilo lori. Rangi yake. Kelele zake, maana lori likirudi nyuma hulia. Hakuna. Ni kama ukurasa uliochanwa. Breki ilikuwa chini ya mguu wangu. Mguu ulikuwa pale. Mimi nilikuwa wapi?


Jumapili, 9 Machi

Nilikwenda saluni kwa mdogo wangu kusuka. Yeye ni msusi, na Jumapili ananisuka bure kwa sharti nimsikilize. Nimekaa, yuko nyuma yangu na kitana, redio inaimba, akina mama wawili chini ya mashine za kukaushia nywele. Mara ile harufu.

Nikasema kwa sauti: nani anaunguza klachi humu?

Akina mama wakaangua kicheko. Hicho ndicho cha mwisho nilichosikia. Kilichofuata ni uso wa mdogo wangu, karibu mno, kitana kiko mdomoni kwake. Redio ilikuwa kwenye wimbo mwingine.

— Dada. Dada! Unanisikia sasa?

Nikasema nakusikia, kwani mimi kiziwi?

Akasema nilikuwa nimekaa nimetoa macho, nafikicha ukosi wa nguo, natafuna na hakuna ninachotafuna. Aliniita, akanitikisa bega, sikuitika. Akasema alifikiri namfanyia mzaha, mpaka akaona hata wale akina mama chini ya mashine hawacheki tena.

— Na hapa hakuna klachi, dada yangu. Gari la karibu liko mtaa wa pili.

Kwa hiyo wanafunzi wangu wote walikuwa wanasema kweli. Nimewakemea bure mwezi mzima. Na kila mara nilipowakemea…

Mdogo wangu anasema tunakwenda hospitali. Si swali. Amenisuka upande mmoja tu, akaweka kitana chini, na mimi nimerudi nyumbani na kilemba.


Alhamisi, 13 Machi

Hospitali. Foleni, benchi, foleni nyingine. Daktari wa mambo ya ubongo ni msichana, au mimi ndiye nimezeeka, sijui. Mpole. Mdogo wangu akamwigizia kila kitu, macho, ukosi, kutafuna, mpaka nikamwambia ameshashinda, anaweza kukaa. Sijui kama nilionekana vibaya hivyo. Kama nilionekana hivyo, naomba radhi kwa mji.

Wakanibandika waya kichwani kwa gundi ya baridi, nikawa kama redio iliyofunguliwa kifuniko. Nikaambiwa nitulie, nifumbe macho, nifumbue, nipumue haraka. Nikawaza: ndivyo wanavyojisikia wanafunzi wangu siku ya kwanza.

Mdogo wangu alipotoka kupokea simu ya mteja, daktari akauliza kazi yangu.

— Mwalimu.

Akaandika. Akauliza wa watoto wakubwa au wadogo. Nikasema mchanganyiko. Akacheka, akasema mama yake pia ni mwalimu, anajua zile kelele.

Sikudanganya! Nimesoma neno kwa neno humu, hakuna uongo.


Jumatatu, 17 Machi

Majibu. Ni kifafa.

Nilimwambia daktari sijawahi kuanguka, sijatoa povu, labda majibu ni ya mtu mwingine. Akanieleza taratibu kuwa si kila kifafa humwangusha mtu. Kingine humwacha amekaa pale pale, macho wazi, kisha kinamwondoa. Nusu dakika, dakika. Halafu kinamrudisha na uchovu. Ile harufu si ya gari, ni kifafa chenyewe kinapoanza, kinabisha hodi. Akasema wengine husikia harufu ya maua. Bahati yao.

Dawa asubuhi na jioni. Nisipande ngazi ndefu, nisioge mtoni, nisikae na moto peke yangu. Tutaonana baada ya wiki sita.

"Na gari huendeshi?"

"Hapana, daktari."

Na hapo pia, nikijitetea vizuri, sikudanganya. Wao ndio wanaoendesha. Mimi nakaa tu.

Kabla sijatoka akaniambia: darasani watoto wakikuona umenyamaza, wafundishe wasikuguse, wasubiri utarudi. Nikasema nitawaambia. Kwenye ngazi za hospitali nikakaa. Darasa langu lina magurudumu manne, daktari.


Jumanne, 18 Machi

Nimekwenda kazini. Dawa inanifanya nijihisi nimejazwa pamba. Masomo mawili, moja la Wawili. Hakuna harufu.

Mdogo wangu aliuliza kama nimeomba ruhusa ofisini. Nikasema nimeomba. Niliomba — moyoni.


Alhamisi, 20 Machi

AMEFAULU! Bi Mkubwa amefaulu! Mtahini aliposema, yule mama aliinama akaubusu usukani, honi ikalia, mtahini akaruka kwenye kiti. Tulicheka mpaka nikatafuta leso.

Nilikuwa nimesimama nje ya uwanja, kwenye kivuli cha ukuta, maana siku ya mtihani kiti changu hukaliwa na mtahini. Na kumwona mtu mwingine amekaa pale, mguu wake juu ya breki yangu, nikajihisi mwepesi ajabu. Kama nimetua ndoo. Sikutaka kujiuliza kwa nini.

Jumamosi tunakwenda kwenye maporomoko, mimi na yeye. Amesema nisibebe kitu, hata ushauri.


Jumamosi, 22 Machi

Naandika hii nyumbani, ni jioni, mdogo wangu yuko jikoni anagonga vyungu kwa hasira. Nitaeleza.

Tuliondoka alfajiri. Pazia lilikunjwa vizuri likawekwa kwenye buti, betri mpya, matairi mapya. Bi Mkubwa kavaa miwani na glavu! Nilimwambia anafanana na mtu anayekwenda kuiba benki. Akasema kaa vizuri, funga mkanda, abiria hawana maneno.

Gari la marehemu lina breki moja, kama magari ya watu wote. Mguu wangu haukujua. Kila kona ulikanyaga sakafu. "Utanitobolea gari la mzee," akasema. Nikauficha mguu chini ya mwingine, ukatoka.

Lakini njia! Sijawahi kuona mtu anayetazama njia hivyo. "Kumbe hapa kuna mashamba ya alizeti!" "Kumbe kuna reli!" Tulipofika kwenye daraja refu la chuma, mto uko chini kabisa, akapunguza mwendo mpaka gari la nyuma likapiga honi. "Alinificha daraja zima, mwanamume yule! Hakuniamsha hata kwenye daraja!" Akawa anacheka na machozi yanamtiririka, na bado indiketa aliiwasha kwa wakati. Mwanafunzi wangu.

Maporomoko yenyewe sasa yana uzio na kibanda cha tiketi, na maji ni kidogo maana mvua hazijaanza. Akayatazama muda mfupi tu. Akasema yuko tayari kurudi, hajashiba njia.

Tulikuwa bado hatujalifikia daraja tulipokuwa tunarudi. Harufu.

Halafu gari limesimama. Kando ya barabara, kwenye majani, taa za tahadhari zinawaka zinazima. Bi Mkubwa amegeuka kwenye kiti, glavu amevua, ameshika mkono wangu. Haniiti. Ananitazama tu, kama anayetafuta mahali uzi ulipokatika.

— Umerudi, akasema.

Nikasema nimechoka kidogo, jua. Hakulikubali hilo.

— Ulikuwa unachezea kifungo.

Nikakitazama kifungo.

— Kama siku ya lori.

Magari yakapita, moja, jingine. Ningeweza kusema nilikuwa nafikiri. Mimi ni hodari wa maneno ambayo si uongo. Lakini alikuwa ameshika mkono wangu, na nilikuwa nimechoka kweli, na maneno yote mazuri yalikuwa yamekwisha.

Nikamwambia. Kila kitu. Kwamba sikumpima siku ile, sikuliona lori, hata leo silikumbuki. Kwamba daktari ameniambia ni kifafa.

Akashuka. Akalizunguka gari polepole, akapiga teke tairi kama wanavyofanya madereva wazee, sijui alijifunza wapi. Akarudi, akakaa, hakuwasha.

— Mtaa mzima nimewatangazia kuwa mwalimu wangu aliniamini. Nimemwambia mpaka muuza maziwa.

— Najua, Bi Mkubwa.

— Kwa hiyo nilikuwa peke yangu.

— Ulikuwa peke yako.

— Na nilikanyaga.

— Ulikanyaga.

Nikadhani atalia, nikadhani atanitukana, na zote mbili ningezipokea. Kisha akauliza kwa sauti ile ile ya kuuliza bei:

— Na yule mwenye tumbo? Amefika wapi?

— Gia ya pili. Jumatatu nampeleka barabara kuu kwa mara ya kwanza.

— Akitokewa na lori, atakanyaga?

Namjua yule binti. Akishtuka huachia kila kitu, anashika tumbo kwa mikono miwili. Kila mara ni mimi ninayesimamisha gari.

— Bado, nikasema.

— Daktari anajua kazi yako?

— Anajua mimi ni mwalimu.

Akanitazama juu ya miwani. Nimetazamwa na wengi, sijawahi kutazamwa hivyo. Akasema: shuka, kaa nyuma, hapo mbele unanitia wasiwasi. Nikahamia nyuma, mwanamke mzima, nikafungiwa mkanda kama mtoto wa chekechea. Lakini darajani alipunguza mwendo, na aliutazama mto.

Amenishusha mlangoni, mdogo wangu akatoka kutupokea, na Bi Mkubwa akamuuliza: hivi dada yako aliomba ruhusa kazini, au? Ndiyo sababu ya vyungu.


Jumapili, 23 Machi

Nimempigia Bosi. Na huyu nimemfundisha mwenyewe! Alifeli mtihani mara ya kwanza kwa kumsalimia mtahini huku ameachia usukani. Ananiita Mama, na si kwa mdomo tu. Mtoto wake wa kwanza alinipa mimi nimchagulie jina.

Nikamweleza. Akacheka kidogo, akifikiri ni utangulizi wa kisa. Kisha akasema pole, pole sana Mama, dawa si unazo? Nikasema ninazo. Na zinafanya kazi? Nikasema jana hazikufanya.

Akashusha pumzi. Akasema mwalimu wa pili ameacha kazi wiki iliyopita, kama ninavyojua. Wanafunzi wamejaa mpaka mwisho wa mwezi. Anatafuta mtu, anamtafuta kweli. Nimalizie mwezi huu tu, nisiende mbali, nizunguke mitaa ya karibu. "Tena wewe Mama huendeshi. Wanaendesha wao. Wewe unakaa tu."

Nilikuwa nimesimama, nikakaa.

Hayo ni maneno yangu. Nimeyaandika humu, kwa mkono wangu, nikajiona mjanja. Yakitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine ndipo unaposikia yalivyo.

Nikamwambia: kijana wangu, unaelewa nilichosema? Akasema anaelewa, na kwamba kwa leo tuseme simu ilikuwa mbaya, hakusikia vizuri. Tutaongea ana kwa ana. Akakata.

Si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi.

Mdogo wangu alisikia upande wangu wote wa mazungumzo. Alikuja na kitana, akanifungua kilemba, akamalizia ule upande wa pili ambao haukusukwa tangu siku ile. Anavuta sana akiwa na hasira. Nilistahili.


Jumatatu, 24 Machi

Asubuhi. Benchi la nje ya ofisi.

Nilifika mapema nimkute Bosi. Hayupo. Mwenye kufagia anasema alipita, akafungua ofisi na gari, akaacha ufunguo wa gari juu ya meza na karatasi ndogo: Mama, masomo kama kawaida. Simu yake imezimwa. Huyo ndiye yule aliyefeli kwa salamu! Leo hata salamu anakimbia.

Nimempigia daktari. Alipokea mwenyewe. Nikasema: mimi ni yule mwalimu. Akasema ndiyo, Mwalimu, unaendeleaje? Nikamwambia mwalimu wa nini. Kisha sauti yake haikuwa tena ya yule msichana mpole. Akasema nisiingie kwenye gari hilo. Akasema leo mchana niende, ataandika barua kwa mwajiri, na mpaka dawa zishike na muda mrefu upite bila tukio, kiti hicho si changu. Huenda kisiwe changu tena kabisa. Akauliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa tangu Jumamosi, nilikuwa nasubiri mtu mwenye cheti aniambie.

Nilifikiri nitalia. Sijalia. Nimekaa hapa nauangalia ufunguo niliouchukua mezani.

Wawili amekwisha kuja. Alipita mbele yangu, akanisalimia, akaenda moja kwa moja kukaa kwenye kiti cha dereva, amefunga mkanda chini ya tumbo kama nilivyomfundisha, amerekebisha vioo vyote. Leo barabara kuu. Amevaa viatu vipya visivyo na kamba, amenionyesha kwa mbali kwa kunyanyua mguu nje ya mlango. Tangu wiki iliyopita ananiambia mumewe yuko safarini, na siku ikifika anataka kujipeleka hospitali mwenyewe, asibishe mlango wa mtu.

Ningeweza kumwambia gari ni bovu. Klachi! Angeamini papo hapo. Angerudi nyumbani, kesho Bosi angempa mtu mwingine au angenipa mimi, na hakuna ambaye angejua ni mara ngapi tumepanda kile kilima mimi na yeye na mtoto, na mwenye breki hayupo.

Anapiga honi. Fupi, ya adabu.

Sijainuka.

Anashuka. Linatangulia tumbo, anafuata yeye. Anakuja huku akijishika kiuno. "Mwalimu, unaandika ripoti yangu? Nimefeli hata sijawasha?" Nimesogea kumpa nafasi. Amekaa, anahema, ananukia sabuni. Ufunguo uko katikati yetu kwenye benchi. Amenyoosha mkono auchukue, nimeufunika kwa kiganja. Anacheka, anadhani ni mzaha wangu mwingine, na kosa si lake. Kiganja bado kipo pale pale, kitabu kinateleza pajani, ndiyo maana mwandiko umelala upande.

Nimemwambia: mwanangu, leo hatutoki, na sababu ni mimi. Yapo mambo yaliyotokea kwenye gari ambayo ulipaswa kuyajua.

Ameacha kucheka. Mkono umekwenda kwenye tumbo. Anauliza mambo gani, tangu lini, na mimi naweka kalamu chini nimweleze yote.